Mwanaume anaficha maumivu yake, au hajui kwamba anaumia?

#1 Mwanzi Mkavu
Salaam, wakuu. Kila panapozungumzwa afya ya akili ya wanaume, maelezo huwa ni yale yale: mwanaume anajua fika kwamba anaumia, ila anaficha kwa sababu alifundishwa tangu utotoni kwamba kulia ni udhaifu. Mimi nimeanza kuyatilia shaka maelezo hayo. Nimefanya kazi na wanaume wengi, na ninachokiona mara nyingi si mtu anayeficha kitu, bali ni mtu ambaye ukimuuliza anajisikiaje, anajitafuta kwa dhati na kutoka mikono mitupu. Atakwambia amechoka, mgongo unamsumbua, kuna mtu kazini anamkera. Huzuni hataitaja kwa sababu haioni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na duniani kote wanaume hufa hivyo takribani mara mbili ya wanawake, ilhali sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, hutambuliwa zaidi kwa wanawake. Pengo hilo linatoka wapi? Naomba hoja, na matusi tuyaache nje.

#2 Mzee wa Hoja
Wanaficha, Mwanzi Mkavu. Usiwapambe kwa nadharia. Mwanaume ananyamaza kwa sababu aliwahi kusema na akaona kilichofuata. Katika ndoa yangu ya kwanza nilimweleza mwenzangu usiku mmoja kwamba nilikuwa naogopa kushindwa kuitunza familia, na kwamba hofu hiyo ilikuwa inaninyima usingizi. Alinisikiliza vizuri sana. Haukupita muda mrefu tukagombana juu ya jambo dogo la ratiba ya watoto, na maneno yale nikarudishiwa neno kwa neno mbele ya shemeji zangu. Tangu hapo, ukiniuliza hali nitakujibu kwamba namshukuru Mungu, na mada imefungwa. Hapo kutojua kunaingiaje? Nilipiga hesabu, nikaona kunyamaza kuna gharama ndogo zaidi.

#3 Bint Salama
Pole, kaka. Ulitendewa vibaya na sina utetezi wa jambo hilo. Ila naomba nikuulize: ulimwambia nani mwingine? Mimi nikiwa na jambo zito, nina dada yangu, nina mashoga wawili, nina mama, na mume wangu anakuja miongoni mwa hao. Yeye akiwa na jambo zito, ana mimi tu. Ana marafiki, tena wengi, na wanajuana tangu shule. Lakini nilipomuuliza kama mmoja wao anafahamu kwamba baba mkwe amegundulika na maradhi makubwa, alinitazama kana kwamba nimeuliza swali la ajabu. Kwa hiyo siku tukigombana, ninayemuudhi ndiye huyo huyo ambaye angepaswa kumwendea alalamike. Tatizo naliona katika idadi ya milango aliyonayo mtu, kabla hata hatujafika kwenye kuficha au kutojua.

#4 Kalamu Nyeusi
Mleta mada, hoja yako ina wazee wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 daktari wa akili Peter Sifneos aliipa jina la aleksithimia hali ya mtu kushindwa kuzitambua hisia zake na kuzieleza. Aliiona kwa wagonjwa waliokuwa wakilalamikia maumivu ya mwili, lakini walipoulizwa kuhusu hisia walisimulia matukio tu: nani alisema nini, saa ngapi, gari liliharibikia wapi. Baadaye, katika miaka ya 1990, mwanasaikolojia Ronald Levant alidai kwamba kiwango chepesi cha hali hiyo ni cha kawaida kwa wanaume waliolelewa kwa masharti makali ya uanaume, kwa sababu mvulana anayenyamazishwa kila anapoogopa hatimaye hapati mazoezi ya kuitambua hofu yenyewe. Mzee wa Hoja, wewe ulijua ulichohisi usiku ule. Je, unaamini kila mwanaume angeweza kukitaja kama wewe?

#5 Mtakwimu
Kabla nadharia hiyo haijaota mizizi, nina masahihisho matatu.

Levant huyo huyo na wenzake walikusanya tafiti nyingi kwa pamoja mwaka 2009, wakakuta kwamba kweli wanaume huwazidi wanawake katika aleksithimia, lakini tofauti yenyewe ni ndogo. Haitoshi kuubeba mzigo wote aliotupa mleta mada. Kisha kuna jaribio la Ann Kring na Albert Gordon la mwaka 1998, ambamo wanaume na wanawake walionyeshwa filamu za kusisimua: walipoulizwa, hawakutofautiana katika kiasi cha hisia walichosema wamepata, ila nyuso za wanawake ndizo zilizoonyesha zaidi. Wanaume hao walijua walichohisi na wakakiandika kwenye karatasi.

La tatu ni pengo lenyewe. Katika nchi nyingi zenye takwimu, wanawake ndio wanaojaribu kujiua mara nyingi zaidi, na wanaume ndio wanaokufa zaidi. Kwa hiyo hatuwezi kuchukua hesabu ya vifo tukaifanya kipimo cha nani ana maumivu makubwa.

Bint Salama, kuhusu milango: Augustine Kposowa alichambua takwimu za Marekani na kuchapisha mwaka 2000 kwamba wanaume walioachana na wake zao walikuwa katika hatari ya kujiua zaidi ya mara mbili ya walio katika ndoa, wakati kwa wanawake talaka haikuonyesha athari ya kueleweka. Hilo halithibitishi maelezo yako, lakini halikupingi.

#6 Muuguzi wa Zamu
Nimewasoma wote, na kila mmoja anazungumza kana kwamba mwanaume ni bubu. Kwa uzoefu wangu wa kliniki, wanaume wanasema. Anakuja kwa ajili ya mgongo. Tunapima presha, tunauliza maswali ya kawaida, anajibu kwa kifupi huku akitazama saa. Namwandikia dawa, anasimama, anashika kitasa cha mlango, na hapo ndipo, akiwa ameshanipa kisogo, anasema: "Halafu na usingizi nao hauji siku hizi." Sentensi hiyo ndiyo iliyomleta. Ukimwitikia kwa kumwambia kwamba ni uchovu tu na apumzike, umemfungia mlango ambao hataugusa tena mwaka mzima.

Vifaa vyetu navyo vina kasoro. Dodoso la sonona linalotumika sana, PHQ-9, lililochapishwa mwaka 2001, lina maswali tisa: huzuni, kukosa hamu, usingizi, uchovu, kula, kujilaumu, umakini, mwili kuwa mzito au kuhangaika, na mawazo ya kifo. Hasira haimo. Ulevi haumo. Kuendesha gari kama mtu aliyechoka na maisha hakumo. Mwaka 2013 Lisa Martin na wenzake walizichambua takwimu za Marekani kwa kuongeza dalili za aina hiyo. Kwa kipimo cha hasira, ulevi na kujihatarisha, wanaume waliofikia kigezo walikuwa asilimia 26.3 na wanawake 21.9. Walipochanganya dalili hizo na zile za kawaida, ilikuwa 30.6 kwa wanaume na 33.3 kwa wanawake, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Pengo la utambuzi lilikwisha pale pale.

#7 Mshenga
Muuguzi, asante kwa darasa, lakini kwa kipimo hicho mkuu wangu wa kazi anapaswa kulazwa leo jioni.

Nikiacha utani, nina wasiwasi. Tukishasema kwamba hasira ni sonona, ulevi ni sonona, na mwendo wa kasi ni sonona, ni mwanaume gani atakayebaki na tabia mbaya ya kawaida? Kuna watu wakali kwa sababu ukali unawapa wanachokitaka, na wamelala usingizi mnono.

#8 Bint Salama
Nakubaliana na Mshenga, jambo ambalo halijawahi kutokea katika jukwaa hili. Anayeishi na hasira hiyo nyumbani hapunguziwi maumivu kwa kuambiwa kwamba chanzo chake ni ugonjwa. Mtu atibiwe, na wakati huo huo awajibike kwa alichokifanya. Sioni kwa nini tulazimike kuchagua kimoja.

#9 Kalamu Nyeusi
Mshenga, kipimo hicho hakikutoka hewani. Mwaka 1983 na 1984, katika kisiwa cha Gotland nchini Sweden, madaktari wa kawaida walipewa mafunzo ya kuitambua na kuitibu sonona. Vifo vya kujiua vikapungua, na kila mtu akafurahi mpaka Wolfgang Rutz na wenzake walipotazama kwa karibu na kuona kwamba waliopona ni wanawake hasa. Idadi ya wanaume ilibaki karibu pale pale. Madaktari walikuwa wamefundishwa dalili za mgonjwa anayekuja analia, na wanaume wale hawakuja wakilia. Wengine walijulikana kwa polisi na kwa watu wa huduma za walevi, lakini si kwa madaktari. Kutoka hapo ndipo yalipoanza mazungumzo ya sonona ya kiume na dodoso lake.

#10 Mtakwimu
Simulizi ya Gotland ni nzuri na ni ya kweli, ila isibebeshwe kupita kiasi. Kisiwa hicho kilikuwa na watu wasiofika 60,000, hivyo vifo vichache tu vinatosha kuupandisha au kuushusha mstari wa takwimu. Tena baada ya miaka michache, baadhi ya madaktari waliofundishwa walipokuwa wamehama, hali ikaanza kurudi ilikokuwa.

#11 Baba Pacha
Mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi, lakini hapa kwenye hasira nina la kusema. Watoto wetu walipozaliwa, nilipewa kazi ya kuosha chupa za maziwa usiku. Kulikuwa na chupa moja ambayo mfuniko wake ulikuwa haukazi sawasawa: unauzungusha, unafika mwisho, unateleza na kuanza upya. Kila usiku nilikuwa nasimama pale kwenye sinki natetemeka kwa ghadhabu juu ya mfuniko ule, ghadhabu ambayo sijawahi kuipata kwa binadamu yeyote. Usiku mmoja niliirusha chupa ukutani, mke wangu akaamka. Wakati huo chakula kilikuwa hakinipiti, na kazini nilikuwa nasoma barua moja mara tatu bila kuielewa, lakini mambo hayo niliyaweka kwenye fungu la uchovu.

Tulipokwenda kliniki, muuguzi alimpa mke wangu karatasi ya maswali kuhusu hali yake ya moyo baada ya kujifungua. Nilikuwa nimesimama pembeni nimeshika mkoba wa nepi. Nilisoma maswali yale kwa juu juu ya bega lake, na majibu yote yalikuwa yangu.

#12 Mzee wa Hoja
Hongera kwa mapacha. Lakini ndugu yangu, ushahidi wako uko upande wangu. Ulisoma maswali, ukajiona, ukanyamaza. Huko ndiko kuficha.

#13 Baba Pacha
Kuanzia siku ile ya karatasi, sawa, nilificha, na niliendelea kuficha kwa muda. Lakini miezi yote iliyotangulia sikujua, mzee wangu. Nilidhani kwa dhati kwamba mfuniko una kasoro. Nilikuwa nimeshaandika barua ya malalamiko kwa watengenezaji.

#14 Muuguzi wa Zamu
Baba Pacha, hauko peke yako. James Paulson na Sharnail Bazemore walijumlisha tafiti nyingi mwaka 2010, wakakuta kwamba takribani baba mmoja kati ya kumi hupata sonona katika kipindi cha kuanzia ujauzito hadi mwaka wa kwanza wa mtoto. Kliniki nyingi hazina hata karatasi ya kumpa. Ulipata msaada?

#15 Baba Pacha
Nilipata, kwa kusukumwa na mke wangu. Mshauri wangu ni mzee mmoja mpole ambaye alianza kwa kuniuliza habari za mfuniko, akauchukulia kama jambo zito kabisa. Ningeulizwa kwanza habari za huzuni, nadhani ningeondoka.

#16 Nahodha Mstaafu
Naona mjadala mzima unamchunguza mwanaume, kama anajua, kama anaficha, kama anakasirika. Mimi nawaulizia upande wa pili wa meza. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester walichunguza wanaume wa miaka 40 hadi 54 waliojiua nchini Uingereza mwaka 2017, na wakakuta kwamba asilimia 91 walikuwa wamewahi kufika katika huduma mojawapo ya mstari wa mbele, wengi wao kwa daktari wa kawaida. Hao walijua kwamba mambo si mazuri, na miguu yao iliwapeleka. Sasa ni nani aliyekuwa hajui?

Nami nilikwenda. Baada ya kuachishwa kazi nilimweleza daktari waziwazi, kwa sentensi kamili, kwamba sioni sababu ya kuamka asubuhi. Aliandika kitu, akanipa dawa za kulala, akaniambia nitafute la kufanya. Nilichokuwa nacho ni madeni na mwili wa miaka 50 katika soko la kazi linalotaka vijana. Kila tukiambiwa kwamba wanaume wajifunze kufunguka, najiuliza mtu aliyefilisika atafunguka nini ambacho mwenye kumdai hakijui.

#17 Mtakwimu
Takwimu ya Nahodha ni sahihi, ila isomwe kwa uangalifu. "Huduma" katika uchunguzi ule zilikuwa za aina nyingi, na kufika kwenye huduma si sawa na kusema kilichokupeleka. Mgonjwa wa mgongo wa Muuguzi, ambaye angeishia kwenye mgongo, naye angehesabiwa kuwa amefika.

#18 Nahodha Mstaafu
Na mimi niliyesema kwa sentensi kamili ningehesabiwa safu ile ile pamoja naye. Ndiyo maana nakasirika.

#19 Kijana wa Jioni
Habari zenu. Samahani nikiwatoa kidogo kwenye reli. Mbona hakuna anayetaja mwili? Mjomba wangu alizungushwa na washauri muda mrefu kwa ajili ya kukosa hamu na kuwa mkali, hatimaye ikaonekana kwamba alikuwa anakatika pumzi usingizini. Alipotibiwa, alirudi kuwa mtu. Na testosteroni, ile homoni ya kiume, je?

#20 Muuguzi wa Zamu
Swali halali wala hujatutoa kwenye reli. Kukatika pumzi usingizini huwapata wanaume zaidi, na huleta uchovu, ukali na kukosa umakini, dalili ambazo kwa nje ni pacha wa sonona. Tezi ya thairoidi ikilegea, hali ni hiyo hiyo. Testosteroni ikishuka sana, hamu na nguvu vinaweza kushuka nayo. Yapimwe. Ninachokataa ni mwanaume kung'ang'ania kipimo cha tano cha damu baada ya vinne kuwa safi, kwa sababu damu haimuulizi maswali.

#21 Mshenga
Ngoja na mimi niache mzaha niseme langu. Kaka yangu alifiwa na mkewe. Hajalia mbele yetu. Alichofanya, alianza kutengeneza bawaba za milango ya nyumba yake yote, kisha makabati, kisha akahamia kwa majirani. Dada zetu wanasema hajaomboleza na kwamba siku moja atapasuka. Mimi nilikuwa namtetea, lakini juzi nilimkuta anafungua bawaba ambazo alikwishazitengeneza, anazitia mafuta na kuzirudisha, na hatukuzungumza neno. Nifanyeje?

#22 Kalamu Nyeusi
Pole sana. Kenneth Doka na Terry Martin wameandika kwamba kuna watu wanaoomboleza kwa kutenda zaidi kuliko kwa kulia, wanaume wengi wakiwemo na wanawake pia, na kwamba njia hiyo si pungufu. Kwa hoja hiyo dada zako wanakosea wakimlazimisha alie.

#23 Muuguzi wa Zamu
Hizo bawaba za kwanza ningeziacha. Hizi za mara ya pili zinanipa wasiwasi. Kaa naye, shika bisibisi, na mkiwa mnafanya kazi muulize kama analala, anakula, na kama huwa anajisikia kutotaka kuishi. Liulize hilo la mwisho waziwazi, kwa maneno yake yenyewe. Kumuuliza mtu kuhusu kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, usimwahidi kwamba itabaki siri yenu, ondoa karibu naye chochote anachoweza kujidhuru nacho, na mfike hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

#24 Mshenga
Asante. Nakwenda kesho.

#25 Mzee wa Hoja
Na akisema hapana? Mimi ningesema hapana.

#26 Muuguzi wa Zamu
Ungesema hapana kwa aliyekuuliza mara moja kisha akaondoka.

#27 Mwanzi Mkavu
Nimejifunza mengi, ila naona bado hatujagusa mzizi. Mtakwimu, kama tofauti ni ndogo kwa watu wazima, kwa watoto ikoje? Tunazaliwa hivi au tunafanywa hivi?

#28 Mtakwimu
Tara Chaplin na Amelia Aldao walikusanya tafiti za watoto na kuchapisha mwaka 2013. Tofauti za wavulana na wasichana katika kuonyesha hisia zilikuwepo, lakini ndogo mno. Wasichana walizidi kidogo katika huzuni, wasiwasi na huruma. Wavulana walizidi kidogo katika hasira, ila katika umri wa balehe hasira ilionyeshwa zaidi na wasichana. Jambo lililonivutia ni kwamba tofauti hizo zilibadilika kulingana na nani yupo: mtoto akiwa na wazazi wake zilipungua.

#29 Mzee wa Hoja
Nilisema mimi. Kama uso unabadilika kulingana na anayetazama, basi mtoto anajua na anachagua. Anaficha.

#30 Kalamu Nyeusi
Mtoto anachagua, nakubali. Mpe miaka thelathini ya kuchagua vivyo hivyo kila siku, kisha umuulize tena kama bado kuna cha kuchagua. Takwimu hiyo iko upande wa Mwanzi Mkavu.

#31 Nahodha Mstaafu
Mmeanza tena. Anayetazama ndiye aliyembadilisha mtoto, na bado anayechunguzwa ni mtoto.

#32 Bint Salama
Mzee wa Hoja, swali langu la #3 hujalijibu. Ulimwambia nani mwingine?